Mvua ya kutengeneza bondeni: tulipie au tuachane nayo?

MWANZISHA MADA:
Wakuu, mamlaka ya maji ikisema kila majira ya baridi itatia dawa mawinguni ili mto na mabwawa yajae, utakubali fedha yako itumike?

Kwanza tuelewane. Hakuna anayetengeneza wingu. Wingu liwepo, tena la baridi, ambalo ndani yake vitone bado ni maji hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa sababu havijapata kitu cha kugandia. Hapo ndipo inapoingia dawa yenyewe, iodidi ya fedha (kemikali ya madini ya fedha na iodini, si pesa). Chembe zake zimeumbika karibu sawa na barafu, kwa hiyo kitone kinaganda, kinanyonya mvuke unaokizunguka, kinanenepa na kushuka, kama theluji au kama mvua kikikuta joto njiani. Mtambo wenyewe hauna maajabu: ni jiko la gesi lililowekwa mlimani, upande upepo unakotokea, na moshi wake unapaa. Wengine hutumia ndege.

Je, inafanya kazi? Mapema 2017, kule Idaho, Marekani, ndege ilipita ikimwaga dawa kwa kwenda na kurudi, na baadaye rada ikaonyesha theluji imejichora mistari ileile ya zigizaga, mahali ambapo kabla hapakuwa na kitu. Kwa nyakati tatu zilizopimwa, jumla ilikuwa kama mita za ujazo 700,000 za maji. Lakini Israeli, waliofanya kazi hii kwa miongo mingi, walipoijaribu upya kati ya 2013 na 2020 walipata ongezeko la asilimia 1.8, kiwango kisichoweza kutofautishwa na bahati tu. Wakaacha.

Msimamo wangu: nitalipa kwa sharti moja. Mawingu yachaguliwe kwa bahati nasibu, mengine yatiwe dawa, mengine yaachwe, ili tulinganishe. Na tuache kuiuza kama tiba ya ukame. Mwaka wa ukame hauna mawingu ya kutia dawa! Hii ni kazi ya mwaka wenye mvua, ukiwa na pa kuhifadhi.

MCHANGIAJI:
Mkuu, umeeleza vizuri, ila umeruka mafuriko. Mwishoni mwa 1915 jiji la San Diego, Marekani, lilikubaliana kwa mdomo na Charles Hatfield, mtu aliyejitangaza kuwa anaweza kuleta mvua, ajaze bwawa la Morena kwa dola 10,000. Akasimamisha mnara, akavukiza kemikali zake. Januari 1916 mvua ikashuka mfululizo, bwawa la Lower Otay likapasuka, watu wakafa. Alipodai ujira, jiji likamwambia: sawa, basi na hasara ni yako. Hakulipwa.

Leo wanasayansi hawaamini kwamba moshi wake ulileta hata tone. Ndiyo hoja yangu. Ukishatangaza kuwa mvua ni yako, mafuriko nayo utaambiwa ni yako, uwe umeyaleta au hukuyaleta. Sisi tunaokaa chini ya mabwawa tumlilie nani? Na wa bonde la pili watasema mmewaibia mvua.

MWANZISHA MADA:
La wizi halininyimi usingizi; wingu likipita mlimani huacha sehemu tu ya maji yake. Na anayeogopa sumu ya dawa hii ajue jiko huchoma gramu kwa saa, si kilo.

Kwenye mafuriko umenishika, sikatai. Dawa haiwezi kugeuza manyunyu kuwa gharika, ila mtu aliyeingiliwa na tope sebuleni hatakaa kusikiliza somo la vitone. Kwa hiyo naongeza sharti: masharti ya kuzima yaandikwe kabla ya msimu, yabandikwe kila mtu ayaone. Bwawa likikaribia kujaa, zima. Ardhi ikishiba, zima. Mlima ulioungua moto karibuni, usiuguse kabisa msimu huo.

Sasa nijibu wewe unayekaa chini ya bwawa: hicho kitufe cha kuzima kikae kwa nani?

MCHANGIAJI:
Kwa yeyote asiyelipwa kwa ujazo wa maji.