Mrejesho: bunduki ya marisawa iliyokuwa ikipiga chini

Wakuu, niliuliza kwa nini bunduki yangu ya marisawa (vile virisasi vidogo vinavyotoka vingi kwa mpigo) inapiga chini ya kwale na kunigonga shavuni. Tatizo ni kitako, ile sehemu ya mbao inayokaa begani. Aliyeshauri nifumbe macho, niinue bunduki tupu begani kisha nifumbue, Mungu ambariki: jicho lilikuwa limezama nyuma ya bunduki, mtutu siuoni. Kwenye bunduki hizi jicho ndilo linalofanya kazi ya kilengeo cha nyuma, na pale shavu linapoegemea palikuwa chini mno.

Tulitundika karatasi kubwa yadi 16. Umbali huo una hesabu yake: kila inchi 1 kwenye karatasi ni 1/16 ya inchi kwenye kitako. Marisawa yalitua inchi 4 chini, hivyo fundi akapandisha pale pa shavu robo inchi, kwanza kwa sponji na utepe kabla ya kugusa mbao. Yakaingia katikati! Urefu wa kitako hatukuugusa, ingawa wengi mlisema nikate. Nikiiweka begani, kidole gumba cha mkono ulioshika kitako hakifiki puani, inatosha.

Shavu haliumi tena. Bunduki inayofuata kurekebishwa ni ya mke wangu. Ana shingo ndefu na mikono mifupi, kwa hiyo vipimo vyangu havimfai.