Mpangaji anadaiwa miezi mitano, nami nimeshanunua kufuli: naomba ushauri

Bint Machomanne

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi naishi Unguja, na nyumba ninayoieleza iko Machomanne, Chake Chake. Ni nyumba aliyotuachia marehemu baba, nami ndiye ninayeisimamia kwa niaba ya mama, kaka yangu na mdogo wangu wa kike. Tumempangisha mzee mmoja na familia yake kwa shilingi 120,000 kwa mwezi, bila ya mkataba wa maandishi, kwa sababu alikuwa akijulikana na marehemu na kwa miaka miwili hakuwahi kuchelewesha kodi. Kazi yake ni kukodi mikarafuu ya watu, na tangu msimu uliopita umwendee vibaya sijaona kitu. Ni miezi mitano sasa, yaani shilingi 600,000.

Wiki iliyopita nilipanda boti nikaenda mwenyewe. Alinipokea kwa heshima, akanitilia kahawa, kisha akaleta mfuko wa plastiki wenye risiti ya mabati saba na misumari pamoja na karatasi yenye sahihi ya fundi, jumla shilingi 215,000. Anasema paa la jikoni lilikuwa likivuja, kwamba alinipigia simu mara mbili, na kwamba nilimjibu "tutaangalia" (nakiri kuwa nilimjibu hivyo). Anadai pia kwamba miezi miwili kati ya hiyo mitano alimlipa kaka yangu aliyeko Wete. Kaka nilipomuuliza alisema "nilipokea kidogo", akabadilisha mazungumzo.

Ami yangu ananihimiza nitie kufuli mlangoni siku watakayotoka, nizuie friji yao na nichukue kadi ya TUKUZA wasiweze kununua umeme. Kufuli nimeshalinunua. Je, nina haki hiyo, au niende kwenye Baraza la Ardhi la Kata kama nilivyosoma mtandaoni?

Karani Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kufuli lirejeshe dukani. Kudai ni haki yako, lakini kumfungia mtu nje ya makaazi yake au kushika mali yake bila ya amri ya mahkama ni jambo litakalokufanya wewe uliyedhulumiwa uwe ndiye unayeshitakiwa, na hapo hakuna atakayeuliza tena habari ya kodi.

Lililonishughulisha zaidi ni hesabu yako. Unasema unadai 600,000. Ikiwa kweli kaka yako alipokea kodi ya miezi miwili, zinatoka 240,000 na zinabaki 360,000. Ikiwa matengenezo ya paa yatakubaliwa, zinatoka 215,000 nyengine, na deni linakuwa shilingi 145,000, ambalo ni la mwezi mmoja na siku chache. Ungemfungia mtu mlango kwa deni ambalo hata wewe mwenyewe hulijui.

Na usimwone kuwa ni mwongo kwa kumlipa kaka yako. Ikiwa warithi ni hao wanne uliowataja na mali haijagawiwa, kwa mirathi ya Kiislamu mama ana thumni (moja ya nane), yaani 15,000 katika kila kodi ya 120,000. Kaka ana 52,500, na nyinyi wasichana wawili kila mmoja ana 26,250. Mpangaji amemlipa mwenye fungu kubwa kuliko wote. Kosa ni lenu kwa kutomwambia kwa maandishi ni nani hasa anayepokea. Kabla ya kwenda popote, pata karatasi yenye sahihi za wenzako wote kuwa wamekuwakilisha, kwa sababu hilo ndilo utakaloulizwa mwanzo.

Mpangaji wa Fuoni

Naandika nikiwa upande wa pili, kwa hivyo mnisamehe nikielemea huko. Mwenye nyumba wangu wa zamani alinambia kwa mdomo "tengeneza, tutakatana kwenye kodi", na nilipomaliza kujenga choo akasema hakumbuki. Neno "tutaangalia" si ruhusa, lakini si katazo pia, na aliyelala chini ya paa linalovuja si wewe. Hata hivyo usiikubali risiti kwa macho tu. Mtume mtu apande ayahesabu mabati.

Msaidizi wa Sheria

Dada, Baraza la Ardhi la Kata ulilolisoma ni la Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar tuna sheria zetu, na tuna Mahkama ya Ardhi iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Lakini usianzie huko. Anzia kwa sheha wa shehia ilipo nyumba, ambaye anaweza kuwasuluhisha na kushuhudia makubaliano yenu, ingawa yeye si hakimu na amri ya kumtoa mtu haitoki kwake. Muandikishe mpangaji akiri deni kwa tarakimu na kwa maneno, na tarehe ya kila fungu atakalolipa. Mkishindwana, mpe notisi ya maandishi ubaki na nakala yenye sahihi yake, na tangu hapo kila pesa utakayopokea iandikie risiti inayosema ni deni la mwezi gani. La sivyo atasema umeshamrejesha kuwa mpangaji. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Pemba pia, nao watakusaidia kuandika.

Bint Machomanne

Nawashukuru nyote. Kaka amekiri kuwa alipokea shilingi 200,000, si 240,000, na mpangaji amekubali kuwa ndivyo. Deni basi linasimama kwenye 185,000 ikiwa paa litahesabiwa lote. Sheha ametupangia Jumamosi, na mpangaji ameomba jambo moja tu, kaka naye awepo.

Jana nilimtuma binamu yangu apande juu. Jikoni kuna mabati mapya sita. La saba liko juu ya banda la kuku la mzee mwenyewe, na hilo tutalizungumza hiyo Jumamosi.