Unga wa mlonge umerudishwa, eti majivu yamezidi. Wanapimaje?

Mama_Mlonge_Moro:
Habari zenu wadau. Mie nalima mlonge huku Morogoro, nakausha majani nasaga nauza unga. Juzi mnunuzi mmoja alipeleka sampo maabara, kilo 80 zote karudisha, karatasi imeandikwa majivu yamezidi na "majivu yasiyoyeyuka kwenye asidi" ndo yamezidi kabisa. Jamani moto sijawasha hata siku moja, naanika tu kwenye turubai hapo uani, sasa majivu yametoka wapi? Nimeumia kweli.

Fundi_Maabara:
Pole sana dada. Majivu hukuyaweka wewe, yanapatikana hukohuko maabara. Wanapima gramu chache za unga, wanatia kwenye kibakuli cha kauri, wanachoma kwenye tanuri nyuzi 500 mpaka 600, kinachobaki ni madini. Mlonge una kalsiamu na potasiamu ya kutosha kwahiyo majivu lazima yawepo, hilo lisikutishe. Kesi yako ni ile ya pili, yale majivu yanachemshwa na asidi haidrokloriki, madini ya mmea yanayeyuka ila mchanga hauyeyuki ng'o. Yaani karatasi inakwambia una mchanga. Turubai chini, kuku wanapita, upepo unapiga, ndo hapo. Tengeneza chanja ya wavu usawa wa kiuno, iwe kivulini, jua kali linaharibu vitamini na rangi ya kijani. Majani osha kwa maji salama, maana wanapima na vimelea, ikionekana salmonella, wale bakteria wa kuharisha, hata kidogo mzigo umekufa. Unyevu nao wanapima, unga unakaushwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena, gramu 5 zikibaki 4.6 una asilimia 8, hapo uko vizuri, wanunuzi wengi wanataka chini ya 10 kwasababu ya ukungu.

Mzee_wa_Mizizi:
Naongezea la muhimu kuliko yote, uthibitisho kwamba huo ni mlonge wenyewe. Kaskazini mwa Kenya na Ethiopia kuna mlonge mwingine kabisa, na ukishakuwa unga jicho halitofautishi. Kata tawi lenye majani, ua na ganda la mbegu, libane kwenye magazeti likauke, peleka kwa wataalamu wa mimea chuo kikuu Dar au Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Msidharau hili. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 vidonge vya kupunguza mwili viliwekwa mmea mwingine kwa kuchanganya majina tu, wanawake wengi wakaharibika figo, wengine baadae wakapata saratani.

Mama_Mlonge_Moro:
Asanteni sana wakuu. Nimekoroga kijiko cha ule unga kwenye glasi ya maji nikaacha utulie, nikamwaga taratibu, nimepitisha kidole chini nimesikia kabisa unakwaruza. Kesho fundi anakuja kupima chanja.