Nimeuziwa rangi, siyo trekta: mnaosaga namba za mashine za kabla ya vita, mna roho mbaya

Wakuu, mnisamehe lugha. Naandika mikono ikiwa na grisi na moyo ukichemka.

Niko Ohio mwaka wa tisa sasa. Ugonjwa wangu ni pawatila (trekta ndogo za kusukuma kwa mikono ukitembea nyuma) za kale za Kimarekani, zilizotengenezwa kabla nchi hii haijaingia Vita ya Pili ya Dunia. Jumamosi nimeendesha saa tatu kwenda Indiana kumfuata jamaa aliyetangaza Gravely L "ya 1939, imefufuliwa upya kabisa". Dola 1,400. Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi, na mimi mzima na akili zangu nikatoa hela.

Kwa wasiozijua: Gravely ilianzia West Virginia. Benjamin Gravely alikuwa mpiga picha, akajiundia jembe la injini kwa vipande vya pikipiki aina ya Indian, hataza akaipata 1916. Model D ilikuwa na gurudumu moja tu katikati, ukiiona huwezi kuikosea. Miaka ya 1930 ikaja L ya magurudumu mawili, silinda moja, nguvu zinakwenda kwa gia tupu, hakuna mkanda wala mnyororo. Balaa ni kwamba L iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960 na kwa mbali inafanana vilevile. Kitakachokutofautishia hii ya 1939 na ile ya 1955 ni namba iliyogongwa kiwandani. Sasa ukishaisaga namba, umebaki na nini? Stori ya muuzaji.

Nimefika nyumbani, nikapitisha kidole pale namba inapotakiwa kuwa. Laini! Nikapaka kiondoa rangi, kikaibuka chuma kina mikwaruzo ya grainda, yote imelala upande mmoja. Kutu haikwaruzi hivyo jamani, kutu inakula vishimo vishimo.

Nikasema ngoja nitazame silinda. Mapezi ya kupozea matatu yamejengwa kwa puti. Puti! Ile ya kuziba bodi za daladala, kwenye injini inayopozwa kwa upepo! Nimeigusa kwa bisibisi ikadondoka kama ugali mkavu. Giaboksi nayo ilikuwa kimya ajabu pale kwa jamaa, nikaisifia kabisa, mjinga mimi. Nimefungua nati ya chini, oili haikutoka. Imetoka grisi nzito iliyochanganywa na unga wa mbao, ndani yake vichembe vya chuma vinameta. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mashine za unga, na ujanja huu wa kunyamazisha gia zilizokwisha alinionyesha nikiwa darasa la tano. Mimi ndiye wa kuingizwa mjini na unga wa mbao!

Halafu kaipiga mchanga wa kompresa mashine nzima kung'oa rangi, nje, kwenye uwanja ambao watoto wake walikuwa wanachezea mpira. Rangi za zamani zile zina madini ya risasi, ni sumu. Mtu unaacha kuvaa hata barakoa?

Na kutoa kutu siyo kazi ya kutisha. Chukua pipa la plastiki, maji, magadi ya kufulia na chaja ya betri. Hasi kwenye kifaa chako, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, na usithubutu kuweka chuma cha pua, kinatoa sumu ya kromi. Unaacha siku moja au mbili, nje penye hewa, maana inatoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Namba inabaki, alama za kiwandani zinabaki. Pistoni ikiganda, changanya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, mimina, subiri. Mimi moja nimeisubiri wiki sita. Nyundo hapana.

Ingekuwa imeletwa na kutu yake kutoka bandani, ningelipa hiyohiyo 1,400 na kushukuru juu.

Nimempigia jamaa, hapokei. Nimemtumia picha ya mikwaruzo na ya puti. Amejibu kidole gumba.

Mwenye silinda ya L ambayo haijaguswa, iwe na kutu, iwe na kiota cha panya, anicheki PM. Gia nitazitafuta mwenyewe.