Pampu ya mgongoni: tunapuliza mchana, jioni mbu wapo pale pale

Mgeni wa Pampu: Wakuu, tuna pampu ya mgongoni ya injini, ile ya feni. Dawa ni ya mbu, tunachanganya kama lebo inavyosema. Tunapuliza uani saa nane mchana mpaka majani yanachuruzika, lakini jioni tunaumwa kama kawaida. Pampu imechoka au dawa imekufa?

Fundi Nozeli: Majani yakichuruzika ujue matone ni makubwa, yanaanguka chini upesi. Mbu anayeruka hapatikani kwa mvua, anapatikana kwa ukungu unaoelea, matone chini ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kipenyo kikipungua nusu, lita ile ile inakupa matone mara 8! Pampu nyingi za feni hutoa mikroni 50 hadi 100. Hizo ni za kulowesha vichaka wanamojificha, na hapo zinafanya kazi nzuri tu.

Halafu saa nane mchana, jamani. Ardhi ikiwa ya moto hewa inapanda, ukungu nao unapanda. Kwa mbu wa usiku, anza jua likizama. Aedes, mbu wa homa ya dengue, huuma mchana, hao wafuate asubuhi mapema au jua likikaribia kuzama. Upepo ukizidi kilomita 15 kwa saa, weka pampu chini.

Kama imechoka utajua hivi: tia maji matupu, kinga dakika moja kwenye jagi lenye vipimo, linganisha na kitabu chake. Ikizidi kwa asilimia 10, nozeli, yaani kitundu cha kutolea dawa, imelika, badilisha. Ikiziba, brashi laini na maji. Waya unapanua tundu. Na nimeona watu wanaizibua kwa kuipuliza kwa mdomo. Kwa mdomo, yenye dawa!

Mama Vyandarua: Na ndoo zenye maji je? Ukungu hauui viluwiluwi, kesho wanaibuka wapya.

Mgeni wa Pampu: Ndoo tutazimwaga. Kwa kuta za ndani tutumie hii hii?

Fundi Nozeli: Hapana. Ukutani ni bomba la kujaza upepo kwa mkono, nozeli bapa ya 8002 (hiyo ni namba ya aina yake), na dawa yake ya ukuta. Shika sentimita 45 kutoka ukutani, mkanda wa dawa uwe na upana wa sentimita 75, kila mmoja uulalie mwenzake kwa sentimita 5. Ukuta wa mita 3 ushuke kwa sekunde kama 7. Tazama geji pia: presha ikishuka chini ya psi 25 (psi ni kipimo cha presha), simama ujaze upepo.