Tupeane uzoefu: Sauti kukwamakwama kwenye kompyuta ya zamani baada ya apdeti, ulitatuaje?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta sisi wenye mashine za zamani. Umeipa kompyuta apdeti, imejiwasha upya vizuri, kila kitu kinafunguka, halafu ukiweka muziki sauti inakwama, inarudia kipande kimoja tr-tr-tr, ndipo inaendelea. Mtu mwenye shida hii akifika hapa akute waliopitia, maana kwingine jibu ni moja tu: nunua mashine mpya.

Naanza na yangu. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na hadidiski ile ya kuzunguka. Baada ya apdeti kubwa ya Windows sauti ikawa inakatika hata kwenye nyimbo zilizohifadhiwa humohumo ndani, kwa hiyo intaneti niliiondoa mapema kwenye washukiwa. Mwanzoni diski ilikuwa inatumika kwa asilimia 100 muda wote. Hilo ni la kawaida, mfumo ukishapata apdeti huwa unapanga upya faharasa ya mafaili na kufanya kazi zake nyingine za chinichini. Nikaiacha kwenye chaji imalize. Diski ikatulia, sauti haikutulia.

Hapo nikashusha LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha kila dreva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) inaishikilia prosesa kwa muda gani. Niliiacha ipime huku wimbo unapiga, macho kwenye orodha ya madreva. Kila sauti ilipokwama, namba ya ndis.sys iliruka juu. Hiyo ni sehemu ya Windows inayoshughulikia mtandao. Nikazima Wi-Fi peke yake, sikugusa kingine chochote. Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kukwama. Nikawasha Wi-Fi, tr-tr-tr ikarudi. Kumbe spika ni nzima na kadi ya sauti ni nzima. Tatizo ni dreva ya Wi-Fi iliyokuja na apdeti. Nikaingia Device Manager, kwenye kadi ya Wi-Fi, nikairudisha dreva iliyotangulia. Tangu hapo shwari.

Wengi huuliza Wi-Fi na sauti vinahusianaje. Sauti hupita kwenye bafa, yaani hifadhi ndogo ya muda, na bafa ni kama ndoo inayojazwa juu huku inavuja chini. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 480 inakauka ndani ya milisekunde 10. Dreva yoyote, hata ya kitu kisichohusiana na sauti, ikiing'ang'ania prosesa kupita muda huo, sauti inakatika. Picha ikichelewa kiasi hicho jicho linasamehe. Sikio halisamehi. Kwa hiyo mimi nasisitiza: msikimbilie kubadilisha spika, mtafuteni anayeishikilia prosesa.

Mchangiaji wa 2

Kwangu ilikuwa jambo dogo. Apdeti iliwasha tena madoido ya sauti, yale ya kuongeza besi na kusawazisha ukubwa wa sauti. Prosesa changa haihisi mzigo huo, ya kwangu ilihisi. Nikayazima yote, nikaweka biti 16 na hezi 48,000, basi.

Mchangiaji wa 3

Mleta mada umeeleza vizuri. Mimi LatencyMon ilinionyesha dreva ya sauti yenyewe. Kuirudisha ya zamani ikagoma, kitufe kilikuwa kimefifia. Kilichonisaidia ni kuchagua dreva kwa mkono kutoka kwenye orodha iliyomo ndani ya mfumo, ile inayoitwa High Definition Audio Device. Haina mbwembwe: nilipoteza ule ukurasa wa kurekebisha besi, na kompyuta haitambui tena nikichomeka maikrofoni ya mbele. Lakini sauti imenyooka, na kwa matumizi yangu ya kusikiliza mihadhara nimeridhika kabisa. Angalizo: tengeneza kwanza sehemu ya kurejea mfumo (restore point) kabla hujagusa madreva.

Mchangiaji wa 4

Niongelee upande wa Linux. Fedora ilihamia PipeWire, programu inayosimamia sauti, kwenye toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu ikafuata kwenye 22.10. Maana yake mtu anayeruka kutoka toleo la zamani anabadilishiwa mtambo mzima wa sauti kwa mkupuo, na hivyo ndivyo ilivyonikuta. Nilifungua terminali nikaandika pw-top, amri inayoonyesha mwenendo wa PipeWire. Kila sauti ilipokwaruza, safu ya ERR (idadi ya makosa) ilipanda. Mashine yangu haikuhimili bafa ndogo, nikapandisha kima chake cha chini:

pw-metadata -n settings 0 clock.min-quantum 1024

Hiyo ni kama milisekunde 21 kwa hezi 48,000. Ukiwasha upya mashine, mpangilio huo unapotea, kwa hiyo jaribu kwanza, ukiridhika ndipo uiandike kwenye faili la mipangilio. Kwa msikilizaji wa muziki ucheleweshaji huo hausikiki. Kwa anayerekodi ala utamsumbua.

Wale ambao sauti inamezwa mwanzoni tu mwa kila mlio, kisha inaenda sawa, lenu ni jingine: kadi inalala ili kuokoa umeme. Ongezeni "options snd_hda_intel power_save=0" kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, kisha muwashe upya.

Mchangiaji wa 5

Samahani wakuu, mimi natofautiana kidogo. Kabla ya madreva yote hayo, pima joto. Yangu ilikuwa inapiga vizuri ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, ikishapata moto inaanza kukwama. Nilipofungua nyuma, vumbi lilikuwa limeshikamana kati ya feni na mapezi ya kupoza, limekuwa zito kama kitambaa, unalibandua kipande kizima. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe. Apdeti iliongeza mzigo tu, ugonjwa ulikuwepo. Nikasafisha, nikaweka pasta mpya ya joto, na madreva hayohayo mapya yakafanya kazi.

Mchangiaji wa 6

Ahsanteni kwa uzi huu. Mimi sioni, natumia NVDA, kisomaji cha Windows kinachosoma skrini kwa sauti, kwa hiyo sauti ndiyo skrini yangu. Muziki ukikwama mtu anaudhika. Mimi usemi ukikwama, tarakimu mbili za namba ya simu zinapotea na siwezi kujua kwamba zimepotea. Sikuwa na namna ya kuchunguza madreva huku kisomaji chenyewe kinakatika. Hatua ya kwanza ilikuwa kubadilisha sauti ya msomaji kwenda eSpeak, ambayo ni nyepesi sana na Kiswahili inasoma. Ikanipa nafuu ya kutosha kufika kwenye Settings, sehemu ya Recovery, nikalirudisha toleo la awali la Windows. Mfahamu kwamba nafasi hiyo kwa kawaida hudumu siku 10 baada ya apdeti kubwa, kisha mafaili ya zamani yanafutwa. Ukisubiri mtu aje akusaidie, muda unaweza kukupita.

Mkuu wa 4, hilo la kadi kulala lipo na huku kwenye Windows. NVDA ina mahali pa kupanga kadi ibaki macho kwa muda gani baada ya usemi. Niliongeza, silabi za mwanzo zikarudi.

Mchangiaji wa 7

Wa hedifoni za Bluetooth: Wi-Fi ya gigahezi 2.4 na Bluetooth vinatumia masafa yaleyale. Hamishieni Wi-Fi kwenye gigahezi 5 kama kadi inaruhusu, au jaribuni kwanza waya. Kwa waya ikitulia, madreva ya sauti hayana kosa.

Mleta mada

Mkuu wa 6, hilo la siku 10 ningelijua mapema ningeliandika juu kabisa. Mkuu wa 5, nimepima joto langu, liko sawa, ila kusafisha nitasafisha.

Kuna jamaa yangu ana kompyuta ya mezani yenye kadi ya sauti ya PCI (ile ya zamani inayochomekwa kwenye ubao mkuu), mtengenezaji aliacha kuitolea dreva, na baada ya apdeti inakwaruza muda wote. Kuna aliyefanikiwa na kadi za aina hiyo, au ahamie tu kwenye kadi ndogo ya USB?