Mita Sitini Kutoka Wapi? Hoja Kuhusu Ukuta wa Ufukwe wa Kigoma

Ndugu wachangiaji, hadi sasa mjadala huu umegawanyika pande mbili. Wapo wanaotaka Manispaa ya Kigoma Ujiji itafute fedha za kujenga ukuta wa mawe ufukweni, kati ya maeneo ya Kibirizi na Katonga, ili Ziwa Tanganyika lisiendelee kumega ardhi, na wapo wanaotaka kila aliyejenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa abomolewe bila majadiliano. Siungi mkono upande wowote kama ulivyowasilishwa, kwa sababu pande zote mbili zinachukulia kwamba ukingo wa ziwa unajulikana ulipo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili au mto. Ni kifungu kizuri, ila Ziwa Tanganyika halitulii mahali pamoja. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, maji yalikuwa juu sana. Miaka michache baadaye yakakisukuma kizuizi cha udongo na mimea kilichokuwa kimeziba mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, yakashuka kwa mita kadhaa, na ndiyo maana mgeni anayekwenda leo kutazama mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao hushangaa kuukuta mbali na ziwa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena. Likashuka. Mwaka 2020 na 2021 likapanda, na 2024 likarudia. Kwa hiyo mtu aliyepimiwa kiwanja miaka ya maji kupungua, akaacha mita zake 60 kwa uaminifu, amejikuta mvunja sheria akiwa usingizini.

Ninaye jirani wa namna hiyo. Ukutani kwake kuna mstari wa kahawia ulioachwa na maji, usawa wa kitasa cha mlango. Vichanja vyake vya kuanikia dagaa vimebaki nguzo tupu, na upepo wa kusi unapovuma wakati wa kiangazi, wimbi huchimba chini ya msingi kiasi kwamba tofali la pembeni sasa linaning'inia. Hati anayo, na kodi ya ardhi amelipa. Kumwita mvamizi ni kumwonea.

Kuhusu ukuta, naomba tuzingatie jinsi wimbi linavyofanya kazi. Likigonga ukuta wima halimalizi nguvu yake. Hurudi na mchanga wa chini ya ukuta, na ukuta unapoishia, ndipo anapoanza kuumia anayefuata. Katika kijiji cha Mappleton, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1991 yalijengwa makinga ya mawe kuingia baharini. Kijiji kikapona, lakini mashamba ya kusini yake, yaliyonyimwa mchanga uliokuwa ukisafiri kandokando ya pwani, yakaliwa kwa kasi zaidi. Na tusisahau kwamba ufuko hulishwa na mito. Kule Kunduchi, Dar es Salaam, uchimbaji wa mchanga kwenye mito iendayo baharini ulitajwa miongoni mwa sababu za pwani ile kuliwa, hadi hoteli ikaachwa kuwa magofu.

Bandari ni habari nyingine: haihamishiki, reli inaishia pale, ikingwe kwa mawe.

Kwingineko napendekeza Manispaa ikae na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyo hapahapa mjini, ichukue kiwango cha juu kilichowahi kurekodiwa, isimike bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye mstari huo, na mita 60 zihesabiwe kutoka hapo, iwe nyuma kuna kibanda cha mvuvi au hoteli ya ghorofa. Vichanja na mitumbwi viendelee kuwepo mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kwa kuwa si majengo ya kudumu. Nyumba zilizokwishajengwa kwa hati zipewe muda unaoeleweka na kiwanja mbadala.

Mchangiaji mmoja amesema viwanja mbadala ni gharama kubwa. Ni kweli, lakini kiwanja hulipwa mara moja, wakati ukuta hudai matengenezo kila maji yanapopanda, na kupanda huko hakuamuliwi na Manispaa: ziwa ni la nchi nne, na mlango wake wa kutokea uko ng'ambo.

Pendekezo langu lina tundu moja ambalo sijaweza kuliziba. Wengi wanaoishi karibu na mialo hawana hati. Ni wapangaji, au warithi wa vibanda vilivyojengwa kwa maneno ya mzee wa mtaa. Bikoni zikisimikwa, hao ndio watakaoondoka mikono mitupu. Aliyewahi kushiriki tathmini ya fidia ya watu wasio na hati aeleze ni ushahidi gani uliokubaliwa, na nani alitia saini.